Ni cha Asili, Basi Kuna Ubaya Gani?



Ndugu zangu katika Imani, kuna kauli moja inayozunguka sana miongoni mwa vijana wanaonyanyua vyuma. Utaisikia kwenye jimu za Mbarara mjini na mabwenini, na utaisikia kule Nakivale, kambi ambamo Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana na kuzungumza Kiswahili. Kauli yenyewe ni hii: "Mimi sichomi sindano, natumia cha asili tu." Anayeisema huwa ametulia moyoni. Ameepuka steroidi, amerudi kwenye mimea aliyoiumba Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na kwa hiyo anaona hesabu yake iko safi. Hapo mazungumzo huishia.

Mimi naona hapo ndipo yalipaswa kuanza. Je, kitu kuwa cha asili kunamwondolea wajibu anayekinywa? Kunamwondolea dhamana anayekiuza? Jibu langu ni hapana kwa yote mawili, na naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, bila kumdharau bibi anayechemsha mizizi wala kumcheka kijana anayetaka kifua kipana.

Kiungo kisicholalamika

Tuanze na ini lenyewe. Liko upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Karibu kila kinachofyonzwa tumboni hupita kwake kabla ya kusambaa mwilini. Chakula, dawa ya hospitali, maji ya mizizi, poda ya kwenye kopo: yote hupokelewa na ini, ambalo huchambua lipi litumike na lipi litolewe. Haliulizi kama kitu kimetoka kiwandani au msituni. Kwake ni kemikali tu, na kila kemikali ni kazi.

Tena ini ni jirani mstahimilivu. Ndani yake hakuna hisia ya maumivu. Likiuma, mara nyingi ni utando wake wa nje uliovutika kwa uvimbe. Linaweza kuumia kwa wiki nyingi huku mwenyewe akiongeza uzito wa vyuma na kupiga picha mbele ya kioo. Dalili zinapojitokeza, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, ngozi kuwasha, chakula kukataa kupita, uchovu usioisha, huwa mambo yamekwenda mbali.

Hapa pana hoja ya kimaadili. Ukishika moto, maumivu yanakuonya. Ukidhuru ini, hakuna wa kukuonya. Mahali ambapo mwili hausemi, wajibu wa kutafuta ujuzi unakuwa mkubwa zaidi. Kusema "sijasikia chochote" si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea.

Asili ni nani kwani?

Neno "asili" lina sauti tamu, lakini halina maana ya usalama. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Sumu iliyowaua, aflatoksini, haikutengenezwa na kiwanda chochote. Ni ya asili kabisa, na kiungo inachokishambulia ni ini.

Chukua mairungi, ambayo wengine huita miraa. Majani mabichi, hayana hata kifungashio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Harar, mashariki mwa Ethiopia, ulionyesha kuwa utafunaji wa majani hayo una uhusiano na ugonjwa sugu wa ini. Chukua chai ya kijani. Kikombe chake hakina neno, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa vidonge vya dondoo lake vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiambata chake kikuu, EGCG, huambatana na dalili za ini kuumia. Hata manjano ya pilau, yakikolezwa kwenye kidonge na kuchanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe zaidi, yamehusishwa na maradhi ya ini huko Italia na Marekani. Ashwagandha, mzizi wa Kihindi unaopendwa na wanaotunisha misuli, una taarifa za namna hiyo hiyo.

Mmea wa jikoni na mmea uliokamuliwa mpaka ukawa kidonge si kitu kimoja, ingawa jina ni lile lile. Aliyeusifu wa kwanza hajausifu wa pili.

Watafiti wa Marekani wanaofuatilia maradhi ya ini yanayotokana na dawa walitoa matokeo yao mwaka 2014. Mwanzoni mwa kazi yao, mwaka 2004, virutubisho na mitishamba vilikuwa chanzo cha asilimia 7 ya wagonjwa wao. Miaka isiyofika kumi baadaye ilikuwa asilimia 20. Kama theluthi moja ya wagonjwa hao wa virutubisho walikuwa wametumia bidhaa za kutunisha misuli. Wengi walikuwa vijana wa kiume, na kwa nusu yao macho yalibaki ya njano kwa miezi mitatu au zaidi. Waliotumia virutubisho vya aina nyingine walikuwa na hali mbaya zaidi: 13 katika kila 100 walikufa au walihitaji kupandikizwa ini, wakati kwa waliodhuriwa na dawa za kawaida walikuwa 3 tu.

Kopo lisilosema kweli

Wakati mwingine mmea hauna kosa, kosa ni la aliyeufungasha. Hapa Uganda, Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa (NDA) imewahi kuuonya umma kuhusu dawa za mitishamba za nguvu za kiume zilizokutwa zimetiwa sildenafil, dawa ya hospitali, bila kuandikwa popote. Katika bidhaa za misuli hila iliyozoeleka duniani ni kutia steroidi kimyakimya. Kwa hiyo yule ndugu anayesema hachomi sindano huenda anaimeza sindano hiyo hiyo kwa kijiko.

Mwaka 2013 huko Hawaii, makumi ya watu walipatwa na homa ya ini baada ya kutumia kirutubisho cha kupunguza mafuta na kuongeza nguvu, OxyELITE Pro. Kilikuwa na kiambata kinachopatikana kwenye mti wa bael wa India, lakini hicho cha kwenye kopo kilitengenezwa maabara. Mtu mmoja alikufa na wengine walilazimika kupandikizwa ini. Jina la mti lilitumika kama ngao.

Nafaka iliyonyeshewa

Katika Sahihi Muslim kuna kisa tunachokijua wengi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu watu waione, kisha akatangaza kuwa anayedanganya hayumo katika kundi lake.

Tutazame utetezi wa yule mfanyabiashara. Hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli, na mvua ni ya asili, inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini utetezi huo haukumfaa. Hakulaumiwa kwa sababu mvua ilinyesha. Alilaumiwa kwa sababu alijua na akafunika. Asili ya kasoro haikumwondolea wajibu wa kuionyesha.

Basi tujiulize: ndugu anayeuza poda isiyo na orodha ya viambato, isiyo na kipimo, isiyo na namba ya usajili, ameweka nini juu na nini chini? Akisema hajui kilichomo, jambo linakuwa zito zaidi. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud tunafundishwa kuwa anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliifafanua sana hukumu hii. Kutojua kwake hakumwokoi, maana kosa lenyewe ni kutibu bila kujua. Wengi wetu wauzaji ni wanafunzi tunaotafuta ada na nauli, na haja hiyo ni ya kweli. Lakini ada inayolipwa kwa ini la mwenzako ni ghali mno.

Hoja za upande wa pili

Atasema mmoja: Nakivale ipo tangu mwaka 1958, na watu wake wamelelewa kwa mizizi na majani. Zahanati ina foleni, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara iko kilomita zipatazo 60. Mnataka kuwanyang'anya maskini dawa yao? Hoja hii ina uzito, na siikatai. Ila tutofautishe. Bibi anaujua mti wake kwa jina, anajua kiasi, anakujua wewe na mama yako, na anakupa kwa siku chache kwa sababu unaumwa. Poda ya jimu haijulikani mti wake, inanywewa kila siku kwa miezi, na anayeinywa ni mzima. Mgonjwa hubeba hatari kwa sababu ana haja. Wanazuoni wametuwekea kanuni kwamba kuepusha madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Unapokuwa mzima na manufaa yenyewe ni sentimita mbili za mkono, mizani inaonekana bila darubini.

Mwingine atasema: Mtume (S.A.W.) alituambia habbat sauda ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Ndiyo, na tunaamini. Lakini mwanachuoni al-Khattabi alieleza kuwa kauli hiyo ni ya jumla na iliyokusudiwa ni mahususi, yaani maradhi ambayo tiba hiyo inayafaa. Zaidi ya hapo, Hadithi imeitaja habbat sauda. Haikulitaja kopo lenye picha ya habbat sauda.

Wa tatu atasema: mwili ni wangu, nikiumia naumia peke yangu. Hapa Uislamu unasema wazi. Suratul Baqara (2:195) inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na tumefundishwa kuwa tutaulizwa mwili tuliutumia katika nini. Mwili ni amana. Na tukiacha hata hilo, nani kati yetu huumia peke yake? Mwanafunzi aliyetoka kambini akasoma Mbarara amebebwa na michango ya watu wengi. Mama anayeuza nyanya ili mtoto apate karo ana sehemu katika lile ini.

Nguvu zenyewe si kosa. Mtume (S.A.W.) amesifu nguvu za Muumini, na kunyanyua vyuma kwa nia njema ni jambo la kheri. Lakini Qur'ani (2:168) inapotuamuru kula imetaja mambo mawili pamoja, halali na twayyib. Sisi tumezoea kuuliza la kwanza: kuna nguruwe, kuna pombe? La pili, kama ni kizuri na hakidhuru, tumelikabidhi kwa neno "asili" lituamulie. Neno hilo halina elimu hiyo.

Tufanye nini?

Kabla ya kununua, uliza mambo manne: mmea gani, kiasi gani, nani katengeneza, na umesajiliwa NDA? Likikosekana jibu la moja, acha. Mbarara hatuna sababu ya kukosa wa kumuuliza. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara (MUST) kina kituo cha PHARMBIOTRAC kinachofundisha na kutafiti dawa za asili. Kuheshimu mti ni pamoja na kuupeleka upimwe.

Pima homa ya ini aina ya B. Katika Uganda, takriban watu wazima 4 katika kila 100 wanayo, na wengi hawajui. Ini lenye virusi tayari halina nguvu ya kupokea mzigo wa pili.

Ukienda kupima ini, mwambie daktari kwamba unanyanyua vyuma, kwa kuwa mazoezi mazito peke yake hupandisha vipimo vya AST na ALT. Mwambie pia kila unachokunywa, hata kama unaona aibu. Dalili zile nilizozitaja zikitokea, acha poda siku hiyo hiyo na uende hospitali na kopo mkononi.

Na kwa misuli, rizki ya Mola wetu iko tele hapa hapa. Ankole ni nchi ya maziwa, ziwa Nakivale lina samaki, na maharage yako kila soko. Havijengi kifua kwa wiki mbili, lakini tunajua vilivyomo.

Ndugu msomaji, kama ndugu yako atakuambia jioni ya leo kwamba anatumia cha asili tu, usimcheke. Muulize kwa upole: cha asili gani? Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, ujuzi wenye manufaa, na biashara isiyo na unyevu uliofichwa chini ya lundo. Amin.