Mwenye shamba, mwenye mti, na gemu za kompyuta

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa kidato cha tatu ninayemfundisha alinifuata barazani akiwa na swali. Nilidhani ni la mtihani. Halikuwa la mtihani. Alitoa simu akanionyesha gemu ya kuendesha mabasi, ile iliyotengenezwa Indonesia ambayo vijana wa Kenya na Tanzania wameijaza mabasi ya huku kwetu. Ndani yake lilikuwa linakwenda basi ambalo kila aliyewahi kusafiri kwenda mikoani angelitambua kwa rangi zake.

“Hili nimelipaka mimi, ustadhi,” akaniambia. Maandishi ya ubavuni, kioo, mapazia, mpaka ile nukuu ya nyuma ambayo wenye mabasi hupenda kuiandika. Alikesha nalo usiku tisa, kisha akawagawia wenzake bure kwa simu. Sasa kuna kibanda mtaani kwao kinachowaingizia watu nyimbo na filamu, na mwenye kibanda anaingiza basi lile kwa shilingi mia tano. Swali lake lilikuwa fupi: “Ameniibia, au hakuniibia?”

Nilimjibu haraka haraka kama tunavyojibu walimu tukiwa na njaa. Nilimwambia ulitoa bure, umeshatoa, mshukuru Mungu kazi yako imependwa. Akasema ahsante, akaondoka. Lakini jibu langu lilikaa kooni kama mwiba wa dagaa, nikaanza kufuatilia mambo haya ambayo, nakiri, nilikuwa nikiyadharau.

Najua yupo ndugu msomaji atakayesema: gemu zenyewe ni lahau, upotezaji wa muda, tuache kujadili haki ndani ya upuuzi. Huo ni mjadala mwingine, na nusu yake nakubaliana naye. Hata hivyo, dhulma haiwi halali kwa sababu imefanyika mahali pa mchezo. Tena tusijidanganye. Huko si mahali pa mchezo tena, ni sokoni.

Mambo yalianzaje? Desemba 1993 kampuni ndogo ya Texas, Marekani, iitwayo id Software, ilitoa gemu ya Doom. Mtunzi wa programu yake, John Carmack, alifanya jambo lisilo la kawaida kwa wafanyabiashara. Alitenganisha injini ya gemu na mafaili ya picha, sauti na ramani za vyumba, ili mchezaji anayetaka kuchora ramani yake mwenyewe aweze kuichora bila kuharibu kitu. Ndani ya kampuni walikuwapo walioona kwamba anagawa mali. Mapema mwaka 1994 wachezaji wakawa wameshatengeneza wenyewe zana ya kuchorea ramani, na ramani zikamiminika. Kazi hizi za kuigeuza na kuiongezea gemu ya mtu mwingine huitwa modi.

Haukupita muda, wafanyabiashara ambao hawakuchora hata ukuta mmoja wakaanza kukusanya mamia ya ramani hizo kutoka intaneti, wakazitia kwenye diski na kuziuza madukani. Ni kibanda kile kile cha mtaani kwa kijana wangu, tofauti ni ukubwa tu. Na mwisho wa mwaka 1995 id yenyewe ikauza diski. Waliochora ramani maalumu walizoagizwa walilipwa, jambo jema, lakini ndani ya boksi hilo hilo zikawekwa pia ramani zaidi ya elfu moja zilizozolewa kutoka intaneti. Aliyekuwa mlalamikaji akawa naye na kibanda chake.

Kisa kilichonikalisha chini ni cha gemu nyingine, Duke Nukem 3D, iliyotoka mwaka 1996. Gemu hii ilikuja na zana ya kuchorea ramani ndani yake, na sharti kwamba utakachochora ukigawe bure tu. Kampuni iitwayo Micro Star ikakusanya ramani 300 za wachezaji, ikaziuza kwenye diski moja. Wenye gemu, FormGen, na Micro Star wakafikishana mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Marekani, ya Mzunguko wa Tisa, ikaamua kwamba Micro Star wamekosea. Zingatia sababu. Faili la ramani halina picha ndani yake, ni maelekezo tu: hapa weka ukuta, pale weka mlango, adui asimame kona hii. Hata hivyo mahakama iliona kuwa maelekezo yale yanaendeleza hadithi ya Duke Nukem, na mwenye haki ya kuendeleza hadithi ni mwenye hadithi.

Kisheria pengine ni sawa. Mimi si mwanasheria. Lakini hebu angalia nani alikuwa chumbani. Wafanyabiashara wawili walikuwa wanagombania ramani 300, na watu waliozichora hawakuwa upande wowote wa kesi. Aliyeshinda hakuwa amezichora, na aliyeshindwa hakuwa amezichora.

Marehemu babu yangu alikuwa na minazi saba katika kiwanja kisichokuwa chake. Msomaji wa bara huenda akashangaa, lakini wa pwani na visiwani anaelewa. Kwa desturi yetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Ndiyo maana mwenye shamba anaweza kukuruhusu kulima muhogo bila maneno mengi, lakini ukitaka kupanda mnazi lazima mkae mzungumze, kwa kuwa mti una haki zake na utadumu kuliko nyinyi wote wawili. Wazee wetu hawakusema kwamba mwenye ardhi anamiliki kila kinachoota juu yake. Wala hawakusema kwamba jasho linampa mtu shamba la mwenzake. Walisema: semeni kabla ya kuchimba shimo. Hata katika somo la muamalat nawafundisha vijana kwamba ujira ujulikane kabla kazi haijaanza.

Sasa chukua gemu ya Warcraft III, ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka mwaka 2002 ikiwa na zana nzuri mno ya kuchorea ramani. Mwaka uliofuata mchezaji mmoja alichora ndani yake mchezo ulioitwa Dota. Wengine wakaupokea kutoka kwake, wakaurekebisha na kuuongeza, mkono kwa mkono, kwa miaka. Kutokana na mti huo, kampuni ya Riot ikatoa League of Legends mwaka 2009, na Valve ikamwajiri aliyekuwa akiisimamia Dota, ikatoa Dota 2 mwaka 2013. Blizzard na Valve wakabishana juu ya jina lenyewe mpaka wakapatana Mei 2012. Mashindano makuu ya Dota 2 ya mwaka 2021 yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40.

Blizzard walijifunza nini? Januari 2020 walipoitoa upya Warcraft III, masharti yao yalisema wazi kwamba kila mchezo utakaochorwa ndani yake na mtu yeyote ni mali yao. Yaani panda mnazi, mwagilia, linda kunguru, lakini nazi na mti ni vyangu tangu siku ya kwanza. Atakayewatetea atasema: si wamesema kabla ya shimo kuchimbwa? Wamesema, kweli. Ila mazungumzo ya babu yangu yalikuwa ya watu wawili, na kila mmoja aliweza kusema hapana. Hapa anasema mmoja, na mwingine, mara nyingi kijana wa miaka kumi na sita, anabonyeza “nakubali” bila kusoma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa wanacheza kwa watu.

Je, dawa ni kuwalipa tu? Nilidhani hivyo mpaka niliposoma yaliyotokea Aprili 2015. Valve na Bethesda waliruhusu modi za gemu ya Skyrim ziuzwe. Mtengenezaji angepata asilimia 25, na 75 zilizobaki zigawanywe kati ya kampuni hizo mbili. Wachezaji wakachachamaa, na baada ya siku nne mpango ukafutwa na watu wakarudishiwa fedha zao. Wengine waliona 25 ni dhihaka. Lakini wapo waliopinga kwa sababu nyingine, na hao ndio walionifikirisha. Walisema modi hii imesimama juu ya modi ya fulani, naye alichukua kwa fulani, na wote walipeana bure. Mmoja akianza kuuza, je, walio chini yake wapewe nini? Kumbe palikuwa na ujirani pale, watu wanaopeana chumvi, na bei ilipoingia kila mtu akaanza kuhesabu chumvi aliyowahi kutoa.

Kwa hiyo nadhani nilimjibu vibaya kijana wangu. Kutoa bure si kutupa. Ukitupa kitu jalalani, atakayekiokota ni chake. Ukitoa kwa majirani, umetoa kwa namna fulani na kwa watu fulani, na anayekichukua akakigeuza bidhaa amevunja ile namna hata kama hajachomoa senti mfukoni mwako. Kosa la mwenye kibanda si shilingi mia tano. Kosa ni kwamba katika wote walioligusa basi lile, amejifanya yeye peke yake ana haki ya kuuza, na mchoraji hakuulizwa wala kutajwa. Kosa la kampuni kubwa ni hilo hilo, isipokuwa wao wameliandika kwa lugha ya mawakili.

Nilimwita nikamwambia hivyo. Alifurahi, na nikaona amefurahi kupita kiasi, basi nikamuuliza: hizi rangi na jina la basi, wenye kampuni uliwaomba? Akacheka. Akasema wenyewe wangefurahi, ni kama tangazo la bure. Nikamwambia mwenye kibanda naye anasema hivyo hivyo kuhusu wewe. Hapo kicheko kikakatika.

Juzi nilipita kibandani. Basi bado linaingizwa kwa mia tano. Kijana ametoa toleo jipya, na safari hii ameandika jina lake kwa herufi ndogo chini ya kioo cha nyuma. Mwenye kibanda aliniambia wateja wanalipenda hili zaidi. Jina lile hakuwa ameliona, nikamwonyesha kwa kidole, akakisogeza kioo cha simu karibu na macho, akalisoma kwa sauti, kisha akaniuliza anakaa wapi.