JE, INAFAA KUMLILIA ASKARI KANISANI?

Somo: 2 Samweli 3:31-39, 1 Mambo ya Nyakati 22:7-10



Jina la Kolonele Mamadou Ndala likitajwa kati yetu, tunagawanyika. Wengine wanasema: alikufa kwa ajili yetu, tumkumbuke katika sala. Wengine wanajibu: Kanisa letu linakataza kumwaga damu, mambo ya askari tuyaachie Serikali, tena huyo alikuwa Mwislamu. Tumeona ni vema kutafuta njia katika Neno.

Mamadou Ndala alizaliwa mwaka 1978 huko Ibambi, mji mdogo wa Haut-Uélé. Goma ilipochukuliwa na M23 tarehe 20 Novemba 2012, raia wengi walikuwa wamekata tamaa na jeshi. Mwaka uliofuata, yeye na komando wake walipigana Kibati na Kibumba mpaka Bunagana, na mwanzoni mwa Novemba 2013 M23 ikatangaza kuacha vita. Watu walimpenda kwa sababu walimwona mbele, pamoja na askari wake. Tarehe 2 Januari 2014 gari lake lilipigwa karibu na Beni, akafa akiwa na miaka 35. Kwanza ilisemwa kwamba ni ADF peke yao. Lakini Novemba 2014 korti ya kijeshi ilimhukumu afisa wa jeshi letu wenyewe kwa ajili ya kifo hicho.

Ndugu, tusome habari za Abneri. Huyu alikuwa mkuu wa jeshi la Sauli, na kwa miaka mingi alipigana na Daudi. Walipokwisha kupatana, Yoabu, mkuu wa askari wa Daudi, alimwita kando mlangoni pa Hebroni kama mtu mwenye neno la siri, akamwua. Daudi alifanya nini? Aliwaamuru Yoabu na watu wote wararue mavazi yao, yeye mwenyewe akafuata jeneza, akalia kaburini, akakataa chakula mpaka jua kutua. Wala hakuficha ni nani aliyetenda. Basi kumlilia askari si dhambi, hata kama hakuwa wa nyumba yetu. Na kwa habari ya dini yake, tukumbuke kwamba Yesu alipotaka kuonyesha jirani mwema, alimtwaa Msamaria.

Lakini Daudi huyo huyo alikatazwa kujenga hekalu, kwa kuwa alimwaga damu nyingi. Mungu hakumtupa, aliwapa mikono mingine kazi ile, mikono ya Sulemani, mtu wa amani. Hapa ndipo mpaka wetu: askari tumpe machozi na heshima, lakini bunduki yake tusiiweke madhabahuni.

Sisi wa Pinga, kati ya Masisi na Walikale, tunayajua hayo kwa miili yetu. Mwaka 2012 na 2013 watu wa NDC na watu wa APCLS waligombania mji huu, nasi tukakimbilia porini na watoto mgongoni. Waliokufa pande zote walikuwa na mama, na mama hao wanaketi kwenye benchi moja. Mmoja anamtaja mwanawe kwa sauti, kwa kuwa alivaa mavazi ya Serikali. Mwingine analia usiku tu, kwa kuwa wake alifia porini na wenye bunduki ambao hakuna anayetaka kuwataja. Kama tunamlilia Mamadou, na mama huyu tunamnyamazisha, je, tumelia kama Daudi aliyemlilia adui wake wa zamani?

Wengine wanauliza: hakufa bure? Goma ilianguka tena Januari 2025. Ni kweli, kazi ya bunduki haidumu. Lakini mama aliyepata kulima na kuvuna msimu ule, kwake haikuwa bure.

Basi mtoto akichonga bunduki ya mgomba na kusema, «Mimi ni Mamadou», tusimpige. Tumwambie: mwanangu, wenye bunduki wamepita wengi hapa Pinga, na hatukuwalilia wote. Huyu tulimlilia kwa sababu alisimama kati ya watu na kifo. Kisha tumsimulie habari za Papa Simon Kimbangu, aliyehudumu miezi michache mwaka 1921, akafungwa miaka 30, akafa kifungoni Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Naye alisimama kati ya watu na kifo, mikono mitupu. Mtoto azijue habari zote mbili, naye ajue ni ipi Kanisa linamwomba aifuate.

Upendo, Amri na Kazi vituongoze. Jumapili ijayo, tukitaja wafu wetu, mama asiyethubutu kutaja jina la mwanawe tumsogelee, tumshike mkono, alitaje.

Mungu awabariki. Amina.