Neno la Kuonya ni Mali ya Nani?

Jua linapotua nyuma ya milima ya Fizi, wavuvi wa Baraka huingia katika Ziwa Tanganyika. Mbele yao iko rasi ya Ubwari, inayoikinga ghuba yao na mawimbi makubwa. Taa huwashwa juu ya maji, ndagala hukusanyika chini ya mwanga, na wavu ulioshushwa kimya huinuliwa kwa nguvu za wote. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mmoja hutunza taa, mwingine huchota maji yanayoingia mtumbwini, wengine huvuta kamba. Kosa la mmoja hulipwa na wote. Basi huko ziwani swali hili haliwezi kuepukwa: mtu akiona kosa la mwenziwe kazini, yampasa afanye nini?

Na ufikiriwe mtumbwi mmoja wenye watu watano. Mchana wavu ulikuwa umechanika. Yule aliyepewa kazi ya kuushona alifunga mafundo ovyo, akaondoka kwa haraka. Usiku mafundo yakafunguka, na samaki wakatoka kama maji katika kikapu. Alfajiri wakarudi na ndoo mbili tu. Wenzake wanne waliijua sababu, na kila mmoja alifanya jambo lake.

Wa kwanza alinyamaza. Alisema moyoni: «Sipendi ugomvi. Ataona mwenyewe.»

Wa pili alimkemea palepale mbele ya wote: «Wewe huna akili! Watoto wetu watalala njaa kwa ajili yako.»

Wa tatu alifika ufukoni, akawaambia akina mama wanunuzi wa samaki kwamba yule ni mvivu, na baba yake alikuwa mvivu kabla yake.

Wa nne alingoja mpaka mtumbwi ulipokwisha kuvutwa pwani. Kisha akaketi na mwenziwe penye wavu, akalishika lile fundo, akasema: «Kaka, tazama hapa. Uzi ulipita mara moja tu, ndiyo maana umefunguka. Si desturi yako kufanya hivi. Jana kulikuwa na nini?» Yule akainama, akajibu kwamba mtoto wake alikuwa na homa kali, naye alikuwa akikimbilia dawa. Wakashona wavu pamoja, na wakapatana kwamba siku ya shida atamwomba mwingine amalizie kazi yake.

Watu wengi watasema upesi kwamba wa nne ndiye aliyetenda vema. Lakini yafaa kujua sababu, kwa maana asiyejua sababu hatafuata mfano siku ya hasira.

Mtu akiokota kisu ufukoni, naye akijua ni cha jirani yake, kisu hicho hakiwi chake kwa kukiokota. Ni amana mkononi mwake. Neno la kuonya nalo ni hivyo hivyo. Aliyeona kosa ameokota kitu ambacho mwenye kosa anakihitaji, na pengine mwenyewe hajui kwamba kimempotea. Neno hilo ni mali yake. Akilificha, amemnyima haki yake. Akiwapa watu wengine, amegawa mali isiyo yake. Akimtupia kwa matusi, amemrudishia kisu kwa upande wa makali, na mkono ulioumizwa hautakipokea. Lakini akimpa kwa upande wa mpini, ametimiza haki na mapendo pamoja.

Kunyamaza ndiko husifiwa zaidi, kwa sababu kunafanana na upole. Walakini mara nyingi si upole, ni woga. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anayenyamaza leo hasahau. Huweka fundo la jana juu ya fundo la juzi, na mwezi wa tatu hufungua kinywa kwa hasira na kumfukuza mwenziwe kazini. Aliyefukuzwa huuliza: «Mbona hukuniambia?» Wala hakuna jibu.

Kusengenya kuna udhuru wake pia. Msengenyaji husema: «Nilisema kweli.» Katekumeni aliyejifunza amri ya nane anajua kwamba udhuru huo hautoshi. Kusingizia ni kumzulia mtu uongo. Kusengenya ni kutangaza kosa lake la kweli kwa watu wasiohitaji kulijua. Wanunuzi wa samaki hawawezi kushona ule wavu. Wamepewa jina la mtu livunjwe, wala hawakupewa kazi ya kutengeneza. Tena neno la masengenyo halikai mahali lilipowekwa. Huanza kwa kusema fundo hili ni baya, likaendelea kusema mtu huyu ni mbaya, kisha ukoo wake, mwisho kabila lake lote. Nchi ya Fizi imeonja vita mara nyingi tangu mwaka 1964. Mwaka 1996 watu wake wengi walivuka ziwa wakakimbilia Kigoma. Wazee waliookoka wanajua jinsi kosa la mkono mmoja linavyoweza kulipishwa kabila zima. Kumwendea mwenye kosa mwenyewe ni jambo dogo, lakini huzuia njia hiyo mahali inapoanzia.

Na kukemea kwa matusi? Wa pili hakunyamaza wala hakusengenya, lakini alimhukumu mtu badala ya kuonyesha kitendo. Fundo baya laweza kufungwa upya. Aliyeambiwa hana akili afanye nini? Tena hakuuliza. Jicho liliona fundo, halikuona homa ya mtoto. Anayeonya hujua nusu ya habari tu, na nusu ya pili imo kinywani mwa yule anayeonywa. Kwa hiyo onyo jema lina mambo manne: lataja kitendo kilichoonekana, lauliza sababu, laonyesha namna ya kutengeneza, na lanyosha mkono wa msaada.

Mtu aweza kusema: «Hayo ni ya wanaolingana. Mimi ni mdogo, naye ni mkubwa wangu.» Kitabu cha pili cha Wafalme chatoa jibu. Naamani, jemadari wa Siria, alikuwa na ukoma. Nabii Elisha alimtumia neno aoge mara saba katika mto Yordani. Naamani aliona dharau, akaondoka kwa hasira. Watumishi wake ndio waliomponya na hasira hiyo. Walimwita baba, wakamkumbusha kwamba, kama angaliagizwa jambo gumu, angalilifanya, sembuse jambo jepesi kama kuoga. Hawakumwambia kwamba ana kiburi. Walimwonyesha njia, naye akashuka mtoni akatakaswa. Heshima haikuwafunga kinywa. Iliwafundisha namna ya kukifungua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha vivyo hivyo: mdogo aweza kumwonya mkubwa, ila kwa unyenyekevu na heshima.

Tena kuna wakati ambapo faragha haifai. Ikiwa upepo wa kusini umeanza kuvuma na mchota maji amelala, hakuna haja ya kumvuta kando; apigiwe kelele, na wote wasikie. Mwezi wa Desemba 2014 chombo kilichoitwa Mutambala kilizama katika ziwa hili, upande wa Katanga, na watu zaidi ya 100 wakafa. Upepo mkali na mzigo kupita kiasi vilitajwa kuwa chanzo. Mtu akiona chombo kimejazwa kupita kiasi, neno lake si la nahodha peke yake. Ni la kila mtu atakayepanda, na lapaswa kusemwa kabla kamba haijafunguliwa. Mtakatifu Paulo naye alimpinga Mtakatifu Petro mbele ya wote kule Antiokia, kwa sababu jambo lilifanyika waziwazi nalo liliwavuta wengi. Basi kipimo ni hiki: kosa la siri lenye kumhusu mmoja huonywa kwa siri, hatari ya wengi hutangazwa kwa wengi.

Na mwenye kosa akikataa kusikia? Injili ya Mateo, katika sura ya 18, yaonyesha ngazi: kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, mwisho mbele ya jumuiya. Jambo hili si geni kwa Wababembe, ambao tangu zamani walikuwa na lubunga, mahali pa wazee kusikiliza maneno ya watu. Lakini anayekimbilia baraza kabla ya kumwona nduguye ameruka ngazi ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ingalitosha.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni kupokea onyo. Anayeonywa hutaka kuuliza: «Na wewe je, hukukosa juzi?» Huenda ni kweli, lakini kosa la mletaji halilifanyi fundo kuwa zima. Kwanza apokee kisu chake, ashukuru. Siku nyingine, akiokota cha mwenziwe, naye ajue namna ya kukirudisha. Watu wasioweza kupokea onyo huwafundisha wenzao kunyamaza, kisha hulalamika kwamba hakuna aliyewaambia.

MASWALI

Swali: Neno la kuonya ni mali ya nani?
Jibu: Ni mali ya mwenye kosa, ila hatari ya wengi ikiwapo ni mali ya wote walio hatarini.

Swali: Anayesengenya kwa maneno ya kweli ana hatia?
Jibu: Ndiyo, kwa sababu amevunja jina la mwenziwe pasipo haja, naye hakumsaidia kutengeneza.

Swali: Anayeonya aanze kwa neno gani?
Jibu: Ataje kitendo alichokiona kwa macho yake, kisha aulize sababu kabla ya kuhukumu.

Swali: Yafaa kungoja mpaka lini?
Jibu: Hasira itulie, lakini wavu usirudishwe majini kabla neno halijasemwa.