Pepo wa Saa Sita Mchana

Padre akianguka, habari hufika mtaani kabla Misa ya pili haijaisha. Ndoa ya watu waliopendeza sana harusini ikivunjika, makundi ya WhatsApp hujaa ndani ya nusu saa. Tumezoea kudhani kwamba majaribu ya mapadre na ya watu wa ndoa ni hayo tu: mwanamke fulani, mwanamume fulani, pesa za kanisa, chupa. Yaani jaribu lazima liwe na sura, na ikiwezekana liwe na namba ya simu.

Lakini kuna jaribu lingine ambalo halina udaku. Padre hajafanya kosa lolote. Ijumaa amezika, Jumamosi amefungisha ndoa, Jumapili amesoma Misa tatu, akarudi nyumba ya parokia akakuta chakula kimefunikwa na sahani na hakuna mtu. Anafungua kitabu cha sala na maneno yanampita kama tangazo la redio. Ng'ambo ya barabara kuna mke na mume waliooana miaka tisa iliyopita. Wanaongea vizuri tu: tokeni ya stima imebaki kidogo, gesi imeisha, nani atamchukua mtoto shuleni. Hawagombani. Hakuna mpango wa kando. Ni vile tu siku moja mmoja wao anamtazama mwenzake akila na kujiuliza, hivi huyu nilimpendea nini?

Swali langu ni hili: moyo ukikauka, ahadi inabaki na maana gani? Kwa wengi wa rika letu jibu liko wazi. Ukikaa mahali ambapo huhisi kitu, unaigiza, na kuigiza ni unafiki. Toka. Nataka kulipinga jibu hilo, lakini taratibu, kwa sababu lina ukweli fulani ndani yake, na waliolipinga kwa haraka wamewahi kuwafungia watu ndani ya nyumba za hatari.

Kuwaweka padre na wanandoa kwenye sentensi moja si wazo langu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imezigawa sakramenti saba katika makundi, na Daraja Takatifu na Ndoa ziko kundi moja: zile zinazolenga wokovu wa wengine. Huwi padre kwa ajili yako mwenyewe, na huoi au kuolewa kwa ajili yako mwenyewe. Isitoshe, katika Kanisa la Kilatini wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bibi na bwana harusi wenyewe. Padre pale mbele ni shahidi wa Kanisa. Kwa hivyo watu hawa watatu wanaosimama altareni siku ya harusi wana kazi inayofanana, ila mmoja alianza mapema.

Hapo kuna mtu atasema: sawa, lakini useja ni sheria tu, mbona wasiruhusiwe kuoa mambo yaishe? Ni kweli kwamba ni sheria. Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ndio uliotangaza kwamba ndoa ya padre wa Kilatini ni batili, na makanisa Katoliki ya Mashariki yanapadirisha wanaume waliooa hadi leo. Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lusaka, alioa mwaka 2001, akarudi Roma, kisha mwaka 2006 akaanzisha harakati za mapadre waliooa na kutengwa na Kanisa. Harakati hizo ziliwavuta baadhi ya mapadre hata hapa Kenya. Mjadala huo ni halali na sitaki kuumaliza hapa. Ninachosema ni kwamba ndoa haiponyi ukavu. Padre akioa, ataukuta ukavu uleule umekaa mezani ukimsubiri. Muulize mtu wa ndoa aliyechoka, atakwambia anamwonea padre wivu kwa ule utulivu wa nyumba yake. Kila mmoja anachungulia ua wa jirani.

Kuchungulia huko kuna jina, na ni la zamani. Katika karne ya nne aliishi jangwani Misri mmonaki aitwaye Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Hakuwa mgeni wa majaribu yenye sura. Kabla ya jangwa alikuwa mtu wa kanisa anayeheshimika Constantinople, akampenda mke wa mtu mkubwa, akakimbia mji. Lakini alipoorodhesha fikra mbaya zinazomvamia mmonaki, aliyoiona nzito kuliko zote si tamaa ya mwili. Ni akedia, neno la Kigiriki lenye maana ya kutojali. Akaiita pepo wa adhuhuri, jina linalotokana na Zaburi ya 91 katika tafsiri ya Kigiriki.

Anasema pepo huyo huja kati ya saa nne na saa nane. Wazungu wakisoma hapo inabidi wapige hesabu, lakini sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tunaelewa moja kwa moja. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina saa hamsini. Mmonaki anachungulia dirishani kuona kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anaangalia kama kuna ndugu anakuja kumtembelea. Kisha anaanza kuchukia mahali anapoishi, kuchukia kazi ya mikono yake, na kuwaza kwamba upendo umeisha kati ya wenzake. Anakumbuka jamaa zake na maisha aliyoyaacha. Anawaza sehemu nyingine ambako kila kitu kingekuwa rahisi, na kwamba hata Mungu si lazima aabudiwe hapa.

Badilisha dirisha liwe skrini ya simu, na utaona huyo si mtu wa kale. Ni mtu aliyeboeka saa sita mchana, anayepitia picha za maisha ya watu wengine.

Ona ujanja wa pepo huyu. Hakuambii ufanye uovu. Anakuambia tu kwamba uzima uko kwingine. Kwa padre, uko parokia nyingine, masomoni Ulaya, kwa yule binti aliyemwacha kabla ya seminari. Kwa mke, uko kwa yule mwanamume wa kazini anayemsikiliza. Mpango wa kando, mara nyingi, ni mwisho wa safari iliyoanza na kuboeka. Sisi tunaanza kusimulia kutoka gesti, wakati hadithi ilianza miaka mitatu kabla, mezani, siku mtu alipoacha kuuliza swali la pili.

Wazee wa jangwani walikuwa na dawa ambayo haivutii hata kidogo. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Antony alipozidiwa na akedia alimwona mtu anayefanana naye ameketi akisokota kamba, anainuka kusali, anaketi tena kusokota. Hayo tu. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 16, Ignatius wa Loyola aliandika kanuni inayofanana: wakati wa ukiwa wa roho, usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na amani. Hakusema usibadilishe kamwe. Alisema usibadilishe ukiwa gizani, kwa sababu giza ni mshauri mbaya.

Sasa turudi kwenye unafiki. Mwaka 2007, miaka kumi baada ya Mama Teresa wa Calcutta kufariki, barua zake zilichapishwa. Ulimwengu ulishangaa. Kwa karibu miaka 50 mwanamke huyu hakuhisi uwepo wa Mungu, isipokuwa kwa kipindi kifupi. Aliandika kuhusu giza, na alikuwa ameomba barua hizo ziharibiwe. Wapo waliosema: kumbe alikuwa anaigiza!

Mimi nadhani ni kinyume. Mnafiki ni mtu anayetoa ishara ya kitu asichonacho ili afaidike. Mama Teresa aliosha wagonjwa akiwa na hisia na akiwa hana, na mgonjwa alitoka safi siku zote mbili. Tena hakuficha ukavu wake kwa kila mtu. Aliwaambia viongozi wake wa kiroho, kwa maandishi, miaka na miaka. Hilo ndilo linalomtofautisha na mwigizaji.

Kuna pingamizi zito hapa, na silikwepi. Mgonjwa anaweza kuoshwa na mtu aliyekauka. Lakini nani anataka kupendwa kama wajibu? Hebu fikiria mume anakuambia, niko hapa kwa sababu niliahidi. Si ni matusi hayo?

Ni matusi akisema hivyo na kukaa kimya baadaye. Lakini akisema, nimekauka, sijui kwa nini, na siendi popote, tuongee, hapo kuna kitu ambacho hisia peke yake haiwezi kukupa. Kwa maana hisia zikiwepo, hakuna anayehitaji ahadi. Hakuna mtu aliyewahi kulazimishwa na kiapo kukaa karibu na anayempenda wiki ya kwanza baada ya harusi. Ahadi iliwekwa kwa ajili ya saa sita mchana. Kuivunja kwa sababu hisia zimeondoka ni kama kufuta bima siku ya ajali.

Ila si kila kuondoka ni usaliti. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu na silali macho wazi kwa ajili hiyo. Nilikuwa na mpango, mpango ukabadilika. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba maisha yake yatasimama juu ya shahada yangu. Ahadi ni tofauti kwa sababu kuna mtu mwingine amejenga nyumba juu ya neno lako. Parokia imejenga. Mwenzako amejenga. Watoto hawakuulizwa kabisa, lakini wanaishi humo.

Na kuna kuondoka ambako ni haki, hata wajibu. Hapa ndipo lile jibu la haraka la wazee huua watu. Mwanamke anapigwa, anaambiwa mvumilivu hula mbivu, abebe msalaba wake. Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu wanawake wanauawa, na wengi huuawa na watu wao wa karibu. Kumwambia mtu wa namna hiyo habari za akedia ni ukatili. Tena si mafundisho ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema mwenzi anayehatarisha vibaya roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa huyo mwenzake sababu halali ya kuondoka. Papa Francis mwaka 2016 aliandika kwamba kuna wakati kutengana huwa lazima kimaadili. Sijui ni mahubiri mangapi ya harusi yamewahi kutaja hayo.

Vilevile kwa padre. Aliyezaa mtoto na kumficha hana ukavu, ana deni. Mwaka 2019 Vatican ilikiri kwamba ina miongozo ya ndani kuhusu mapadre waliozaa, na kwamba msingi wake ni kumlinda mtoto, na kwa kawaida padre huombwa aache upadre abebe majukumu ya mzazi. Hapo kubaki altareni ndiko kuvunja neno.

Kwa hivyo kazi ngumu ni kutofautisha. Ukavu unasema, nimechoka na mahali hapa. Hatari inasema, hapa nitaumizwa, au hapa ninamuumiza mtu. Ya kwanza inaomba subira. Ya pili inaomba mlango. Shida ni kwamba ukiwa peke yako, sauti hizi mbili hufanana. Aliyeboeka hujiambia kwamba yuko hatarini ili apate ruhusa ya kutoka, na anayepigwa hujiambia kwamba amechoka tu.

Ndiyo maana unahitaji mtu wa tatu. Padre anatakiwa awe na kiongozi wa kiroho, na kila mwaka, kwenye Misa ya Krisma, mapadre hurudia ahadi zao mbele ya askofu. Wanandoa hawana siku kama hiyo, mpaka jubilei ya miaka 25, kama watafika. Wasimamizi wao wa harusi walipiga picha wakaenda. Na hata huyo padre, ni nani parokiani humuuliza anaendeleaje? Tunampigia simu atubarikie gari, atuandikie barua ya karo, aje kuzika. Jumuiya ndogo ndogo zinakutana kila wiki, zinachanga pesa za kila kitu, lakini ni chache ambapo mtu anaweza kusema kwa sauti, sihisi kitu, na asigeuzwe ajenda ya wiki nzima.

Sisemi tuwaonee huruma, wala tuwafunge mahali walipo. Nasema kwamba kabla ya kumwambia rafiki yako, mwenye pete au mwenye kola, aondoke au avumilie, muulize kwanza kama kuna anayeumizwa. Akijibu ndiyo, msaidie kufunga virago leo. Akijibu hapana, ni vile tu siku zimekuwa ndefu, basi kaa naye. Saa tisa haiko mbali sana, na si lazima aisubiri peke yake.