Nani Amezima Televisheni?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo mazito ya ndoa: uaminifu, malezi, wakwe, magonjwa. Leo tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, yaani familia kuacha televisheni ya kulipia na kutafuta njia nyingine ya bei nafuu. Lakini ni mambo madogo yanayoingia nyumbani kila jioni. Ndoa nyingi haziumizwi na simba, zinaumizwa na mbu.

Swali letu ni hili: mume au mke akiondoa starehe ya nyumba nzima ili kuokoa fedha, je, ametenda fadhila? Na kama ametenda fadhila, mbona nyumba imenuna?

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa familia inayoishi katika nyumba ya kupanga huko Bombolulu. Baba huvuka daraja la Nyali kila asubuhi kwenda kazini kisiwani. Mama hukaanga mahamri alfajiri na kuyauza pamoja na mbaazi za nazi. Wana watoto watatu. Kila mwezi hulipa shilingi 1,500 za kifurushi cha televisheni. Baba hupenda mpira, mama hupenda tamthilia, watoto hupenda katuni.

Mwaka huu kodi ya nyumba imepanda na karo imepanda. Baba anakaa peke yake na kupiga hesabu: 1,500 mara miezi 12 ni shilingi 18,000. Anashtuka. Mwisho wa mwezi halipi, na hamwambii mtu. Jioni mama anamaliza kazi, anaketi aangalie tamthilia yake, anakuta maandishi tu kwenye kioo.

"Baba watoto, king'amuzi kimekatika."

"Hakijakatika. Nimekiacha. Hatuna pesa za kuchezea."

Mama hasemi neno. Anainuka na kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa tazameni yanayofuata. Mwisho wa juma baba anakwenda kwenye banda la video pale steji kutazama mechi. Kiingilio shilingi 50, soda shilingi 50. Kwa mechi nane za mwezi ni shilingi 800. Mama ananunua bando la shilingi 20 kila siku, anatazama tamthilia kwenye simu akiwa chumbani, visikizio masikioni. Kwa mwezi ni shilingi 600. Jumla ni shilingi 1,400. Nyumba imeokoa shilingi 100. Nayo familia iliyokuwa ikiketi mahali pamoja sasa inaketi mahali patatu, maana watoto wamehamia kwa jirani.

Wengine watasema kosa la baba huyu ni hesabu tu. Angekaa nyumbani angeokoa zaidi. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Tuseme hesabu yake ingetoka vizuri na shilingi zote 18,000 zingebaki. Je, mama asingenuna?

GIZA NI LILELILE

Wengi wetu tunaikumbuka kampuni ya GTV, iliyowavutia Waafrika wengi kwa kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei nafuu. Mwishoni mwa Januari 2009 ilifilisika ghafla. Watu waliokuwa wamelipa walibaki na madishi juu ya mapaa na ving'amuzi visivyo na kazi. Tena mwezi Februari 2015, Kenya ilipokuwa ikihama kutoka analojia kwenda dijitali, vituo vya NTV, KTN na Citizen vilitoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili kwa sababu ya ugomvi kati ya wenye vituo na serikali.

Katika nyumba zilizokumbwa na mambo hayo starehe ilipotea kabisa. Watu walilalamika, walilaumu kampuni, walilaumu serikali. Lakini mume hakuwa na sababu ya kumnunia mke, wala mke mume. Hasara iliwapata wote wakiwa upande mmoja.

Kioo cheusi ni kilekile. Tofauti ni mkono uliokizima. Mgeni akikizima, mmepata msiba pamoja. Mwenzako akikizima bila neno, umepata habari kwamba katika nyumba hii kuna mtu anayeamua na kuna mtu anayeamuliwa. Mama wa mfano wetu hakulilia tamthilia. Amelilia nafasi yake.

KUJINYIMA NA KUNYIMA

Lugha yetu ina hekima kubwa katika silabi moja ndogo. Kujinyima ni fadhila. Kunyima si fadhila. Kilichowatenganisha ni "ji" tu, yaani nafsi ya mtu mwenyewe. Ukiondoa nafsi yako katika sadaka, kinachobaki ni kumnyang'anya mwenzako na kujisifu kwa hasara yake.

Yule mjane wa Injili (Marko 12:41-44) alisifiwa na Bwana kwa sababu alitoa kilicho chake. Hakuchukua sarafu za jirani akazitia katika sanduku la hekalu. Mtakatifu Paulo naye, akiandika juu ya tendo la ndoa (1 Wakorintho 7:5), anawaruhusu wanandoa kujizuia kwa ajili ya sala, lakini anaweka masharti: wawe wamepatana, na iwe kwa muda. Fikirini vizuri. Hata sala, ambayo hakuna jambo jema kuliko hiyo, haimpi mmoja ruhusa ya kuamua peke yake juu ya kilicho cha wawili. Ikiwa sala haimpi ruhusa hiyo, je, shilingi 1,500 zitampa?

Baba mmoja atajibu: "Lakini mimi ndiye ninayelipa, na Maandiko yanasema mume ni kichwa." Ndugu yangu, soma sura hiyo ya tano ya Waefeso mpaka mwisho. Mume anaambiwa ampende mkewe kwa mfano wa Kristo, ambaye kwa ajili ya Kanisa aliitoa nafsi yake mwenyewe. Kichwa cha namna hiyo kikitaka kupunguza matumizi, huanza na starehe yake. Kwa nini mpira ukaendelea kule steji, na tamthilia ikafa nyumbani? Tena mama anayekaanga mahamri alfajiri naye analipa, hata kama namba ya M-Pesa iliyotuma fedha ni ya mumewe.

Na akina mama wasicheke. Mke anayegoma kila mara mumewe anapopendekeza kupunguza jambo, huku akijua karo haijalipwa, naye ananyima. Ananyima watoto. Mapatano hayana maana kwamba mwenye kukataa ndiye mshindi siku zote. Mahitaji hutangulia starehe: chakula, kodi, dawa na shule kwanza, halafu televisheni. Mume aliyezungumza na mkewe waziwazi, akamwonyesha hesabu, akamsikiliza, akaanza kuacha vilivyo vyake, na bado akapingwa, hana kosa akisema: mwezi huu fedha hizi ni za karo. Lakini aseme mapema, aseme usoni. Kumwacha mwenzako aambiwe na mashine ni kumdharau.

BEI ISIYOANDIKWA

Siku hizi njia za bei nafuu ni nyingi. Kila moja ina bei ya fedha, na ina bei nyingine ambayo haikuandikwa popote.

Kwanza, kuna king'amuzi cha bure. Ukikinunua mara moja hakuna malipo ya mwezi, na vituo vikubwa vya humu nchini unavipata. Televisheni nyingi za kisasa zina king'amuzi ndani yake, zinahitaji antena tu. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia nzuri kwa familia, kwa sababu inawaacha mahali pamoja. Bei yake ni uvumilivu: mechi kubwa za ng'ambo mara nyingi hutaziona, na itawabidi mkubaliane kituo.

Pili, kuna kulipia kifurushi kidogo zaidi, au kulipa miezi ya likizo ya watoto tu na kuacha mingine. Hapa bei ni nidhamu. Bila hiyo, "mwezi huu tu" hugeuka kuwa kila mwezi.

Tatu, kuna filamu zinazonakiliwa kwenye flashi kwa bei ya andazi. Hapa tuseme wazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya filamu kama inavyolinda mali nyingine, na amri ya saba haikutoa ruhusa kwa wizi ulio rahisi. Tunajua wengi hawaoni ubaya, kwa kuwa mwenye filamu yuko mbali na ni tajiri. Lakini watoto wako wanajifunza nini wanapoona kwamba uaminifu una mpaka, na mpaka wenyewe ni umbali wa mwenye mali?

Nne, kuna simu. Hii ndiyo inayoonekana rahisi kuliko zote, na ndiyo inayohitaji tahadhari kuliko zote. Televisheni ya sebuleni, pamoja na ubaya wake, iliwalazimisha watu kugombania kiti kimoja, kucheka pamoja, kuulizana "huyu ni nani tena?" Simu haimlazimishi mtu kumvumilia mwingine. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alizitaja familia ambazo wakati wa chakula kila mmoja yuko kwenye simu yake, na mwenzi anayelala usingizi akimngoja mwenzake aliyezama katika kifaa chake kwa saa nyingi. Wangapi kati yetu hatukujiona hapo?

Tano, kuna banda la video. Mpira wenyewe si dhambi, na kukaa na marafiki ni jambo jema. Lakini mahali hapo mara nyingi kuna bia na kuna kamari, na anayeingia kwa shilingi 50 anaweza kutoka akiwa ameacha fedha za unga.

KANISA LINASEMAJE?

Kanisa halikuiita televisheni shetani. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa mwaka 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumzia hasa televisheni na familia. Aliwaonya wazazi wasiifanye televisheni kuwa yaya wa watoto. Tena alisema kwamba wakati mwingine wajibu wa mzazi ni kuizima tu: kwa sababu kuna jambo bora la kufanya, kwa sababu ya kuwajali wengine nyumbani, au kwa sababu kutazama bila kuchagua kunadhuru. Angalieni sababu ya pili. Kuzima kwaweza kuwa tendo la upendo kwa mwingine. Basi lisigeuzwe kuwa adhabu kwa mwingine.

FANYENI HIVI

1. Msiamue siku ya hasira wala siku ya kulipa. Tafuteni jioni moja tulivu, watoto wakiwa wamelala.

2. Wekeni hesabu zote mezani, pamoja na soda, bando na kamari. Asiyeweza kutaja matumizi yake asimhukumu mwenzake.

3. Anayependekeza kupunguza ataje kwanza chake atakachoacha.

4. Kubalianeni muda, tuseme miezi mitatu, kisha mkae tena na kutazama matokeo. Fedha ni muhimu, na amani ni muhimu pia.

5. Fedha zilizookolewa zipewe kazi inayojulikana na wote. Shilingi zisizo na kazi hupotea, na aliyejinyima huona amedanganywa. Watoto nao waonyeshwe: hii ni sare iliyotoka katika kifurushi tulichoacha.

6. Wekeni kitu mahali pa kile mlichoondoa. Rozari ya pamoja, hadithi za babu na bibi, bao, matembezi ya Jumapili hadi ufuoni baada ya Misa. Nafasi tupu haikai tupu. Msipoijaza ninyi, simu itaijaza.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

Ni jambo gani nyumbani mwetu ambalo mmoja wetu aliliondoa bila kumwuliza mwenzake? Je, limesamehewa, au limenyamaziwa tu?

Kila mmoja wetu anajinyima nini kwa ajili ya nyumba hii? Je, mwenzake anajua, na amewahi kumshukuru?

Kati ya jioni saba za juma lililopita, ni ngapi tuliketi wote mahali pamoja?

Ndoa haijengwi na king'amuzi wala haibomolewi na king'amuzi. Hujengwa na neno dogo linalosemwa kabla ya kutenda: "Mwenzangu, waonaje?" Neno hilo halina malipo ya mwezi.

Mungu azibariki familia zenu.