Je, Mashine Nayo Ina Sabato?

Amri ya nne haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Katika Kutoka 20 wanaoagizwa kupumzika siku ya saba ni yeye, wanawe, watumishi wake, mgeni aliye malangoni mwake, na mnyama wake pia. Kumbukumbu la Torati inawataja ng'ombe na punda waziwazi. Kompyuta, bila shaka, haimo. Lakini kama kuna mahali panapofaa kuuliza iwapo ingestahili kuwemo, ni Kendu Bay, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Victoria.

Karibu na mji huo, Gendia, ndipo Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Malawi walipoanzisha misheni ya Waadventista Wasabato mwaka 1906. Miaka michache baadaye ikaja mashine ndogo ya kuchapia, na baadaye kiwanda cha uchapaji cha Africa Herald. Sabato na mashine zimekuwa majirani hapa kwa zaidi ya karne.

Mashine ya leo ni lile kasha jeusi lililosukumwa chini ya meza ya saiba, mgongo ukigusa ukuta. Juni inapokwisha, watu wanapanga foleni kuwahi kupeleka ripoti za kodi kabla ya tarehe 30, na kasha linanguruma toka asubuhi. Mara kurasa zinaanza kufunguka kwa kujikokota. Mteja atasema, "Imechoka hiyo, ipumzishe kidogo." Mhudumu anaizima, anasubiri dakika kumi, anaiwasha, nayo inakwenda vizuri kwa muda, kisha inarudia yale yale.

Je, ilikuwa imechoka kweli?

Takriban umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Mwaka 1961 mwanafizikia Rolf Landauer, aliyefanya kazi IBM, alionyesha kwamba hata mashine isiyo na kasoro yoyote lazima itoe joto kidogo kila inapofuta taarifa. Joto, basi, linatokana na kazi yenyewe. Balaa huja linapokosa pa kutokea. Prosesa nyingi zikifika karibu na nyuzi 100 za selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi hapo hujizima. Fundi mwangalifu hapendi kuiona ya kwake ikikaa juu ya 85 kazi ikiwa nzito.

Feni nayo haina muujiza. Inapuliza hewa ya chumbani tu, na chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo hupanda karibu tano. Kendu Bay mchana hufika nyuzi 30 bila shida, na chini ya bati huzidi. Tena Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa na hubeba joto pungufu kwa kila pumzi ya feni. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani, wanaopanda angani kama moshi na kufuata taa usiku.

Ukifungua kasha lililokaa mwaka mzima bila kuguswa, utakuta juu ya prosesa kipande cha alumini chenye mapezi membamba, na kati ya mapezi hayo blanketi la kijivu la vumbi, nywele na mabawa ya wadudu. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini hewa haipenyi. Hapo ndipo mlinganisho na ng'ombe unapovunjika. Ng'ombe aliyelima siku sita akilala ya saba huamka na nguvu mpya. Mashine hii ukiizima Sabato nzima, Jumapili utaiwasha na blanketi lake lile lile. Kupumzika hakuiponyi. Inaponywa na mkono wa mtu.

Kwa hiyo jibu la swali ni hapana. Kipima joto ndani ya prosesa kinasoma namba tu. Hakuna maumivu, hakuna anayelalamika. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliviweka vitu visivyo na uhai katika daraja la mwisho, baada ya Mungu, mizimu, binadamu, na wanyama pamoja na mimea, huku binadamu akiwa ndiye kitovu. Wapo watakaosherehekea hapo: kama kitu hakina haki, nitakitumia hadi kife.

Hawana haki ya kusherehekea. Ndani ya kasha hilo mna wasifu wa kijana anayetafuta kazi, mitihani ya mwalimu, hesabu za chama. Anayeliacha liungue hakidhulumu chuma. Anawadhulumu wenye mali hiyo, na hata mhudumu anayekula kwa jasho la mashine hiyo. Wanaosali katika Msikiti wa Tawakal, hapo hapo Kendu Bay, wanakijua kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuomba mashine ivuke msimu wa kodi huku imeegemezwa ukutani ni kuruka nusu ya kwanza ya agizo hilo.

Basi mwenye mashine aivute kutoka ukutani kiasi cha shibiri, aipandishe kutoka sakafuni, na asiiache wazi ubavuni akidhani anaisaidia: mkondo wa hewa huvurugika na vumbi huingia bila kizuizi. Kila baada ya miezi mitatu hivi aizime, achomoe waya, aibebe nje na kuipuliza, akiyashikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Mwenye kushika Sabato afanye hivyo Ijumaa kabla ya jua kuzama, maana hiyo ni siku ya maandalizi.