Fomu Kumi na Moja

Baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, kuna mwezi nililipa kodi kwa pesa za kujaza fomu. Ploti ilikuwa Kilimani, pale ambapo nyumba ya zamani yenye bustani ilikuwa imebomolewa. Mwenyewe alikuwa na leseni ya mazingira ya ghorofa 8. Sasa alitaka 16. Kampuni iliyopewa kazi ya tathmini ya ziada ikanikabidhi fomu 40 nikawaulize majirani maoni, shilingi 50 kwa kila fomu.

Sheria yenyewe haina shida. Ile ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 64, inaipa NEMA uwezo wa kudai tathmini mpya hata baada ya leseni kutoka: mradi ukibadilika sana, ukileta hatari ambayo haikuonekana mwanzoni, au ikigunduliwa kwamba data iliyotolewa ilikuwa ya uongo. Hilo wazo nalipenda. Ukiniomba mgeni wako alale kwangu siku mbili nikakubali, kisha aje na mke, watoto na kitanda, usiniambie eti si ulisema sawa.

Mama mboga wa kwenye kona alikuwa na swali moja tu: "Kijana wangu, nikisema sitaki, wataacha?"

"Sijui, mathe."

"Basi andika maji."

Nikaandika maji. Huko ni ya mgao, na kila ploti inachimba kisima chake. Mlinzi wa jengo la jirani alikataa kutia sahihi, akihofia kazi yake. Wapangaji wengi hata hawakufungua mlango. Jioni ya pili nilikuwa na fomu 29. Zile 11 nilizijaza mwenyewe kwenye matatu nikirudi nyumbani, kwa kalamu mbili tofauti. (Ndiyo, akili ya kubadilisha kalamu nilikuwa nayo.)

Nimejitetea sana tangu siku hiyo. Nilijiambia niliyoandika ni ya kweli: maji, vumbi, msongamano, majitaka. Si ndiyo wangesema? Lakini mtu akikupigia kura yako, hata akimchagua mgombea unayemtaka, bado amekuibia.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Nairobi inahitaji nyumba. Bedsita yangu mwenyewe iko ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo naamini kuna jirani alilipinga. Wenye bustani wakitamka "mazingira", mara nyingine wanamaanisha "sisi tulifika kwanza". Na watakaohamia ghorofa ya 15 hawakuwa na fomu, maana hakuna aliyewajua bado. Kwa muda nilijidanganya kwamba nilikuwa nikiwasemea wao. Wapi. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka ile 550.

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira. Kwa fomu 11, umma ulikuwa mimi. Na nikirudi kwenye kile kifungu cha 64, data ya uongo ni sababu tosha ya kuanza upya. Ningeweza kuandika barua. Ni ukurasa mmoja tu.

Juzi nilipita pale. Wako ghorofa ya 12. Mama mboga amehamishia kibanda ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya malori. Alinikumbuka, akaniuliza kama zile fomu zilifika. Nikasema zilifika. Akanifungia sukuma ya ishirini, akaongeza dania bure.